Mfalme Aliyesoma Kila Herufi

Kiingereza changu kigumu, kile cha kuringia, nilikipata kwa msaada wa mtu asiyejua Kiingereza. Mtu huyo ni baba yangu, mkulima wa pamba wa Lagangabilili, aliyemaliza darasa la saba akarudisha madaftari na kuona kwamba yeye na shule wameachana kwa amani.

Wakati huo nilikuwa nafundisha darasa la tatu katika shule moja ya msingi Bariadi mjini. Nilitaka kwenda chuo kikuu ili siku moja nifundishe sekondari, kwa hiyo nilijiandikisha kufanya mtihani wa kidato cha sita kama mtahiniwa wa kujitegemea. Moja ya masomo yangu lilikuwa fasihi ya Kiingereza, na humo ndani ilinisubiri tamthilia ya Waingereza wa kale, imejaa mfalme na watu wake, na maneno ambayo nadhani hata Waingereza wa leo huwauliza bibi zao. Mtihani nilifaulu, niseme mapema ili msomaji asikae roho juu. Hiki ni kisa cha jambo jingine.

Mwalimu wetu wa kituo cha masomo ya jioni alitupa onyo siku ya kwanza. "Tamthilia haisomwi kwa macho," alisema. "Inasomwa kwa mdomo, na mdomo mmoja hautoshi. Kila mtu akatafute wa kujibizana naye." Niliyekuwa nakaa naye chumba kimoja ni mwalimu wa hisabati. Alijaribu ukurasa mmoja, akafunga kitabu taratibu, akaniambia kwamba yeye na mimi tumeishi vizuri na angependa tuendelee hivyo.

Sasa kabla sijamleta baba, lazima nieleze salamu, maana bila salamu hakuna kisa. Sisi Wasukuma asubuhi tuna mwangaluka na tuna wangaluka. Mkubwa wako, mkweo, mgeni, mtu wa serikali, yeyote unayemwekea heshima, unamwambia mwangaluka, kama vile amekuja na watu wengine nyuma yake. Mdogo wako, mwenzako, mtoto wako wa kumzaa, huyo ni wangaluka, yeye peke yake alivyo. Tofauti ni herufi moja tu hapo mwanzo. Lakini ikosee mbele ya wakwe uone kama utapewa chakula kwa uso mkunjufu.

Utoto wangu wote baba aliniambia wangaluka, na mara nyingi aliongeza jina la utani: mwizi. Aliniita hivyo kwa haki kabisa. Alikuwa na koti moja la rangi ya udongo, na mfuko wake wa kulia haukukosa karanga za kukaanga, na mimi nilikuwa na mkono mwembamba. "Wangaluka, mwizi," angesema asubuhi akiwa anajipapasa mfuko uliokwisha pungua. Ndivyo tulivyopendana.

Kisha nikaajiriwa. Nilipokuja nyumbani likizo ya kwanza, baba aliinuka kwenye kiti chake, kile cha ngozi ambacho hata baba mdogo hathubutu kukikalia, akanionyesha kwa mkono nikae. "Mwangaluka, mwalimu," alisema. Niligeuka nyuma nione nani ameingia.

Hakuwa ameingia mtu. Tangu siku hiyo nikawa mwangaluka. Si hivyo tu, ukiondoa salamu hiyo baba aliacha kunisemesha Kisukuma. Alinitolea Kiswahili, tena kile anachokihifadhi kwa ajili ya mikutano ya kijiji na matangazo ya kanisani. "Tunashukuru kwa ujio wako. Hali ya kazi ikoje huko? Changamoto zipo?" Ungedhani nimekuja kuhesabu mifugo. Na karanga, ambazo bado alizibeba mfukoni kwa matumizi yake, mimi nililetewa kwenye sahani, zimefunikwa kwa sahani nyingine. Karanga za kwenye sahani hazina ladha, mtu asiwadanganye.

Nilimuuliza mama kulikoni. "Baba yako anasema mtu anayeshika chaki haitwi hovyo," mama alijibu huku anapepeta. "Anasema watoto wa watu watakudharau wakisikia nyumbani wewe ni mwizi."

Ungefanya nini? Mtu akikutukana unaweza kumshitaki kwa shangazi. Akikuheshimu kupita kiasi, utaanzia wapi? Ukilalamika watu wataona unajisifu. Wanasema ukubwa jalala, lakini mimi jalala lenyewe nililitamani, maana jalalani angalau watu wanakutupia kitu. Mwaka wa kwanza nilivumilia, wa pili nikaanza kukasirika, na mimi hasira zangu ni za maziwa ya jikoni, hupanda ghafla na kumwagika. Nilimtaka baba yangu arudi. Nilitaka anitukane kidogo, kama zamani.

Likizo ya mwezi wa sita nilikwenda nyumbani na tamthilia yangu, nakala ya kudurufu yenye kurasa zilizopauka. Ulikuwa msimu wa pamba. Baba alikuwa ametandaza turubai uani, anachambua pamba safi huku na pamba fifi, ile yenye uchafu, kule, kazi inayotaka vidole na uvumilivu. Mimi nikakaa pembeni, kwenye kile kiti cha ngozi, sasa cha mgeni, nikaanza kusoma kwa sauti. Nilisoma mfalme kwa sauti nzito, kisha nikamjibu kwa sauti nyembamba, kisha nikarudi kwenye nzito.

"Samahani, mwalimu," baba alisema baada ya muda. "Naomba kuuliza. Mbona unajijibu mwenyewe? Afya yako iko sawa?"

Nilimweleza agizo la mwalimu wa jioni. Akafikiri, huku anang'oa jani kavu kwenye pamba.

"Huyo unayemkosa ni nani humo?"

"Mfalme."

"Mfalme," baba alisema, akajipangusa mikono kwenye suruali, "naweza."

Kisa cha tamthilia yenyewe si kigumu. Kuna mfalme na mdogo wake wanaopendana sana. Kuna mtu wa ikulu mwenye maneno ya pembeni, anamnong'oneza mfalme kwamba mdogo wake anautaka ufalme. Mfalme anaamini, anamfukuza mdogo wake nchini, halafu anakuja kugundua ukweli amechelewa, ikabaki kumtafuta. Ni ugomvi wa ndugu kama tunaoujua, ila wao hawagombanii shamba.

Nakala ilikuwa moja, kwa hiyo baba hakuwa na namna. Ilibidi mimi nishuke kwenye kiti, tukae bega kwa bega juu ya turubai, kati ya safi na fifi. Alivaa miwani yake ya mnadani, akakisogeza kitabu mbali, akakirudisha karibu, akakohoa. Kisha mfalme akafungua kinywa.

Baba alisoma Kiingereza kama kilivyoandikwa. Kwake herufi ni herufi, iliyoandikwa lazima itamkwe, na kila neno huishia kwenye irabu kama maneno yenye adabu. Neno la kwanza lililotugombanisha lilikuwa lile ambalo mfalme analitumia kuwaita watu wasioaminika, laghai, wajanja wa kuibia watu. Linaandikwa "knave." Baba alisoma: "Kinave."

"K haisomwi, baba. Unasema neivu."

Akaitazama ile K. "Haisomwi?"

"Haisomwi."

"Lakini ipo."

"Ipo tu."

"Hapana," alisema, kwa sauti ya mwenyekiti wa mkutano. "Kwenye kikao changu kila aliyehudhuria anachangia." Na akarudia tena kwa nguvu zaidi, "Kinave!" Kisha akauliza maana yake, nami nikamwambia: mtu mjanja, laghai, mwizimwizi hivi. Niliona mdomo wake unacheka kabla yeye hajauruhusu. Alinitazama, akaufungua kama anataka kusema kitu, akautuliza. "Ahsante kwa ufafanuzi, mwalimu," alisema. Nilikaribia kabisa kumpata siku ile.

Tuliendelea. Tulipofika kwa yule mnong'onaji wa ikulu, mdogo wa mfalme anamwita "villain," yaani mtu mwovu. Baba alisikia nikisoma, akasimamisha mkutano.

"Vilaini?"

"Ndiyo."

"Vitu laini? Mtu amekuharibia kwa kaka yako, nawe unamwita vitu laini? Huyu mdogo wa mfalme ni mpole mno. Ndiyo maana anafukuzwa."

Na kufukuzwa kwenyewe, ambako kwenye kitabu ni "banish," baba alikusoma "banishi," akataka kujua mtu mzima anabanishwa wapi, mlangoni au kwenye jembe la ng'ombe. Halafu kulikuwa na kile kilio cha Waingereza wa kale, "alas," ambacho watu wa kitabu hukitoa kila wanapopata msiba. Baba alikisoma "alasi," na baada ya kukutana nacho mara kadhaa alivua miwani. "Mwalimu, mbona hawa watu kila wakipata matatizo inakuwa alasiri? Asubuhi yao haina shida?"

Mama, aliyekuwa anajifanya hasikilizi, alicheka mpaka ungo ukamponyoka.

Lakini shida kubwa ilikuwa neno la kumwita mtu mmoja, wewe, kama lilivyosemwa zamani. Likiwa la mtenda ni "thou," likiwa la mtendwa ni "thee." Nilimfundisha sauti yake kadiri ya uwezo wangu, na kwa ulimi wa kwetu yalitoka "zau" na "zii." Zau ilipita bila tatizo. Zii ndiyo iliyotuletea fujo, kwa sababu baba amehudhuria mikutano ya hadhara maisha yake yote, na huko zii ni neno la kuzomea. Mahali ambapo mfalme, kwa upole, machozi yakimlengalenga, anamwambia mdogo wake kwamba anampenda, baba alifika kwenye lile neno la mwisho, akakunja ngumi, akairusha juu. "Ziii!"

"Baba, anampenda."

"Ameambiwa zii."

"Zii ni wewe. Nakupenda wewe."

"Basi waandishi wangetafuta neno lingine," baba alisema. "Hili lina wenyewe."

Sijui niwaeleze vipi wasomi wanaonunua kamusi nene. Neno ambalo baba alikuwa amelivunja mguu halikunitoka tena kichwani. Nililiona likichechemea hata usingizini. Kule kituoni mwalimu alipouliza maana ya maneno yale, wenzangu walikuna vichwa, mimi nilikuwa nazuia kicheko, na nikimaliza kukizuia jibu lilikuwa tayari mdomoni. Nyumbani nako maneno yalianza kufanya kazi. Jogoo aliyekuwa anadokoa mtama wa mama ulioanikwa aliitwa Kinave, na akaja kulijua jina lake. Ugali ukiungua mama alipiga kelele, "Alasi!" Baba, kwa upande wake, aliyachambua maneno kama anavyochambua pamba. Yale yanayotumika mpaka leo aliyaita safi. Yale yaliyokufa na wenyewe aliyaita fifi. "Hili je?" angeuliza. Nikisema siku hizi hakuna anayelisema, alikuwa anatikisa kichwa. "Fifi. Weka kule." Zau na zii waliwekwa kule.

Kicheko kilikuwa kingi, na ninakikumbuka kwa furaha. Lakini kila asubuhi ya likizo ile niliamka, nikatoka nje, nikapokelewa na ile salamu. Mwangaluka, mwalimu. Saa ya kusoma alikuwa baba yangu kwa sababu alikuwa mfalme. Kitabu kikifungwa aliinuka, akajipangusa, akanirudishia kiti.

Siku moja afisa elimu wa kata alipita kwa pikipiki kutusalimu, alisikia mwalimu yuko likizo. Ni kijana mchangamfu, tulikuwa tunafahamiana. Kabla sijasimama, baba alikwishasimama. Alinyoosha koti, akanyoosha mkono, na kwa sauti ya kifalme kabisa akatangaza, "Zau arti welikome!"

Yaani, wewe umekaribishwa. Mfalme anamwambia hivyo mgeni mmoja kule mwanzoni.

"Eeh, mzee!" afisa alisema huku anacheka. "Hicho Kiingereza kimenipita kimo!" Akanywa maziwa mgando, akasifia pamba, akawasha pikipiki yake akaondoka na furaha zake. Baba alikaa chini akiwa amejaa kama gunia lililoshindiliwa.

"Umeona," aliniambia. "Nilijua tu. Hata kwetu, ukitaka kumpa mtu heshima kubwa, unatafuta maneno ya wazee, yale ya zamani. Zau ni la zamani. Kwa hiyo zau ni la heshima. Nalirudisha kwenye safi."

Nilipaswa kunyamaza, lakini mimi ni mwalimu, na mwalimu akiona kosa anawashwa. "Siyo, baba. Kale si lazima liwe la heshima. Zau ni la mtu mmoja, mdogo wako, au mtu wako wa karibu. Likimwendea mkubwa ni kumshusha. La heshima ni 'you,' lile la watu wengi." Nikatafuta mfano, na mfano ulikuwa umekaa pale pale. "Zau ni wangaluka. Lile lingine ni mwangaluka."

Baba aliganda, pamba mkononi. "Nimemwambia mtu wa serikali wangaluka?"

"Kwa Kiingereza, ndiyo."

"Akiwa na kofia yake?"

Akasimama. Akasema lazima tutume ujumbe wa kuomba radhi, na ujumbe hauendi mikono mitupu. "Mkamateni Kinave apelekwe," aliamuru, na jogoo, nadhani alikuwa anasikiliza, akapotelea nyuma ya zizi.

"Kaa chini," mama alimwambia. "Afisa mwenyewe hajui kama ameshushwa. Ukimpelekea jogoo ndipo utakuwa umemwambia."

Baba alikaa. Alipotulia alichukua kitabu, akafungua mwanzo, akaanza kutembeza kidole kwenye mistari ya mfalme. Zau, zau, zii. Akafunua mbele, hadi pale mnong'onaji amekwisha fanya kazi yake na mfalme anamwita mdogo wake mbele ya watu wote. Kidole kikasimama.

"Hapa amebadilisha."

Nikainama kutazama. Alikuwa sahihi. Nilikuwa nimepita hapo mara nyingi nikiwinda maneno marefu, nisione hayo mafupi. "Ndiyo," nikasema. "Hapa amemtoa kwenye wangaluka, amempeleka kwenye mwangaluka."

"Sasa hapa si ndipo anapomfukuza?"

"Ndipo."

"Anamheshimu huku anamfukuza?"

"Hamheshimu, baba, anamweka mbali. Ndugu yako ukimwambia mwangaluka, umemtoa nyumbani." Na hapo maziwa yangu ya jikoni yakapanda. Sikupanga. "Na mimi leo asubuhi umeniambia mwangaluka. Jana pia. Tangu niajiriwe."

Mama aliacha kupepeta. Baba alishusha kitabu, akachukua pamba iliyojaa majani makavu na uchafu wa funza, akaiweka taratibu kwenye safi. Nikajua hakuiona.

"Ajenda hiyo," alisema mwisho, kwa Kiswahili chake cha mkutano, "tutaiweka kwenye mengineyo."

Aliyewahi kukaa kwenye mkutano wa kijiji anajua mengineyo ni wapi. Mengineyo hufikiwa jua likiwa limezama na watu wamekwenda kukamua. Nilikunja kitabu, nikaingia ndani, nikalia kwa hasira, halafu nikalia kwa huzuni, ambayo haina kelele. Niliona nimemwaibisha baba yangu kwa kumwomba kitu kidogo kuliko karanga.

Kesho yake hakuna aliyelitaja. Tuliendelea kusoma likizo hiyo, na baada ya hapo nilipokuja mwisho wa juma, kwa mchomoko, gari dogo la kubeba abiria, kutoka Bariadi, nimebanwa katikati ya kuku na wake za watu. Tulisoma wakati wa kulima. Tulisoma wakati wa palizi, tukiwa tumekaa kwenye baraza na majembe yamekaa pembeni, mvua inanyesha na mfalme anatafuta mdogo wake katika nchi za watu. Baba alimsoma kwa uchungu wa kweli sehemu hizo. K hakuiachia. Lakini nilimwona akifika kwenye kila "you" anapunguza mwendo, kama mtu anayepita mahali palipomwangusha zamani.

Tulifika mwisho mvua za masika zikielekea kuisha. Mfalme anamkuta mdogo wake akiwa amechakaa, amevaa matambara, hana hata fimbo. Watu wa ikulu wamesimama. Baba alikohoa. Akasoma ule mstari wa kwanza wa kumpokea, na ndani yake lilikuwamo neno lile la kale, limerudi baada ya kurasa chungu nzima.

"Zau," baba alisoma. Akaweka kidole juu ya neno.

"Amelirudisha," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Mbele ya watu wote."

"Mbele ya watu wote."

"Amechelewa sana."

"Ni mfalme," nilisema. "Wafalme wana mambo mengi."

Alivua miwani akaifuta na shati, akasema anakwenda kutazama maksai. Mimi nikabaki na kitabu. Nikajiambia, kesho. Kesho yake nilitoka nje kabla hata jua halijawa na nguvu, nikasimama uani nikijifanya natafuta ufagio. Baba akatoka. "Mwangaluka, mwalimu," akasema.

Alasi.

Mtihani ulipofika nililala nyumbani, mama alitaka aniombee mwenyewe. Karatasi ya fasihi ilikuwa ya mchana, ila nilitaka kuwahi mjini. Asubuhi palikuwa na kaubaridi, baba akavaa koti lake la rangi ya udongo, akabeba begi langu, akatangulia kwenda barabarani. Wanafunzi wa shule ya kata walikuwa wanapita na mifagio na madumu yao, wananiamkia, "Shikamoo mwalimu," nami naitikia. Baba alisikiliza kila shikamoo kana kwamba zote zinaingia mfukoni mwake.

Mchomoko ulikuja umejaa, dereva akatoka kutafuta pa kuweka begi langu, na abiria wote wakatutazama kwa sababu hawakuwa na kitu kingine cha kutazama. Tulisimama bega kwa bega, kama kwenye turubai. Nilikuwa na maneno yote kichwani, yote safi na fifi, na sikuwa na hata moja la kumwambia baba. Nikatazama mfuko wa kulia wa lile koti. Ulikuwa umetuna.

Mkono wangu si mwembamba tena. Niliuingiza hivyo hivyo, mbele ya dereva na abiria na watoto wa shule, nikashika karanga nyingi kadiri nilivyoweza, nikautoa. Karanga nyingine zilianguka barabarani. Mtoto mmoja wa shule akaziba mdomo.

Baba aliutazama mkono wangu uliojaa. Kisha akawatazama wale watoto, mmoja mmoja. Kisha akanitazama mimi, na ule mdomo uliokuwa umenyamazishwa kwa miaka ukaanza kucheka wenyewe, naye safari hii hakuuzuia.

"Wangaluka," alisema, kwa sauti ya mtu anayetaka hadi wa siti ya nyuma asikie, "Kinave."

K aliitamka yote, kama kawaida yake. Baba yangu, ambaye hakuwahi kuiruka herufi hata ile isiyosomwa, aliiacha moja tu, ile ya mwanzo wa salamu.

"Mwangaluka, baba," nikamjibu, karanga mdomoni.